Mkia wa Kitambaa

Gari lilikuwa limevuliwa uso. Bampa limeegemezwa ukutani, taa zimelazwa juu ya gunia safi, na pale mbele palipokuwa na rangi nyekundu ya kung'aa sasa palikuwa na uwazi mweusi, mipira ya oili ikining'inia ndani yake kama mishipa. Katika kila mdomo uliokuwa wazi, fundi Twahiru alikuwa amesokomeza kitambaa. Ungelitazama gari lile kutoka barabarani ungesema ni mgonjwa aliyetoka kung'olewa jino, ameambiwa aume pamba na asiseme neno.

Vitambaa vyote vilitokana na kitenge kimoja cha zamani cha mkewe, Mukeshimana, chenye samaki wa buluu wenye macho meupe ya mviringo. Twahiru alikichana vipande virefu kwa makusudi. Kila alipoziba mdomo wa bomba, aliacha mkia wa kitambaa nje, uonekane na jicho lolote. Hivyo ndivyo alivyofanya kazi miaka yote. Penye mkia pana kitambaa; pasipo na mkia pako wazi. Barabara ya mbele ya karakana ilikuwa ikichimbwa, na vumbi la mji wa Kamembe siku hizo liliingia hata ndani ya kikombe kilichofunikwa. Injini ile isingevumilia hata chembe yake.

Haikuwa injini kama nyingine. Haikuwa na pistoni za kupanda na kushuka. Ndani yake mlikuwa na rota mbili, vyuma vyenye pembe tatu, vilivyozunguka na kuzunguka, na mlio wake haukuwa wa kugongagonga bali wa kuvuma, kama mzinga wa nyuki ulioshtuliwa. Injini ya namna hiyo hutegemea oili kuipoza karibu sawa na inavyotegemea maji. Oili ikichemka, sili, vile vizibo vyembamba vilivyo kwenye zile pembe, huungua, na sili za gari hili Twahiru alikuwa amekwisha kuzibadilisha mara ya mwisho. Nyingine hazikupatikana Bukavu wala Kigali. Zikiungua tena, basi.

Ndiyo maana alikuwa akilifungia rejeta mpya ya oili, pana kuliko ile ya zamani, iliyoletwa na mtu kutoka Ubelgiji ndani ya sanduku la nguo. Ile ya zamani ilikuwa ndogo na mapezi yake yalikuwa yamelala kama nyasi zilizokanyagwa. Kwenye tambarare ilitosha. Kwenye milima ya Nyungwe haikutosha, na leo hii, kabla ukungu haujashuka, gari lilitakiwa kuipanda milima ya Nyungwe.

Mwenye gari alikuwa ameketi kwenye benchi, nje ya mstari. Huo mstari ulikuwa wa chokaa nyeupe, umechorwa sakafuni kutoka ukuta hadi ukuta, na hakuna mtu aliyeuvuka isipokuwa Twahiru mwenyewe. Hakuwa na msaidizi. Palipohitajika mikono miwili ya ziada, alifunga spana kwa kamba kwenye fremu ya gari, akaendelea. Watu wa Kamembe walimtania kwamba hata kivuli chake hukiacha upande wa pili.

"Papa Twahiru," mwenye gari alisema kutoka benchini, "na weye unakulaka saa ngapi?"

"Nikimaliza, Maman Sandrine."

"Marehemu alikuwa anasema vile vile. Tazama mahali alipo."

Alicheka peke yake, kicheko kifupi, vidole vyake havikusimama. Jina lake hasa lilikuwa Joséphine, mshonaji wa Bukavu, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na tangu avuke daraja la Rusizi asubuhi alikuwa akifuma kwa kroshe ukingo wa shela jeupe. Shela lilikuwa la Sandrine, binti yake, ambaye kesho yake angeolewa huko Huye. Gari lilikuwa la marehemu mume wa Joséphine, Mulume. Sandrine alipokuwa mtoto asiyelala, Mulume alikuwa akimzungusha ndani ya gari hili hadi Nkanka, kandokando ya ziwa, mpaka mvumo wa injini umfumbe macho. Akamwahidi: siku ya harusi yako nitakupeleka mimi mwenyewe. Mulume alikuwa amezikwa. Gari lilibaki. Sandrine hakuomba zawadi nyingine yoyote. Aliomba gari la baba yake litokee barabarani, aliingie, lilie kama zamani, apelekwe kanisani.

Twahiru aliyajua hayo yote. Aliyajua kiasi kwamba tangu alfajiri mikono yake ilikuwa mizito.

Mukeshimana alifika na chai na sambaza, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga. Aliweka sahani juu ya kigoda kilichokuwa mahali pake pa siku zote, hatua moja kabla ya chokaa. Birika lilikuwa limevunjika mpini zamani. Alilibeba kwa ncha ya kanga aliyoikunja, akilihamisha kutoka mkono huu kwenda huu na kupuliza vidole. Twahiru, kichwa kikiwa chini ya boneti, hakugeuka.

"Pole, dada," Joséphine alisema. "Unaungua."

"Nimezoea," Mukeshimana akajibu.

Adhana ya Ijumaa ilipoita, Twahiru alinawa mikono kwa sabuni ya unga, akavaa kanzu, akatazama mara ya mwisho ile mipira na mikia yake ya samaki wa buluu. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Mkia mmoja tu, wa mpira mrefu unaorudisha oili kwenye injini, ulikuwa umeteleza hadi sakafuni, ukilala ndani ya tone la oili chafu. Aliuona. Akaona ni sawa tu, maadamu unaonekana.

Aliporudi kutoka msikitini, mawingu yalikuwa yamekwisha kukusanyika upande wa msitu, na mtoto wa Joséphine, Christophe-Aimé, alikuwa amekuja. Alikuwa kijana mrefu mwenye suti mpya aliyoivaa mapema mno, funguo za gari zikizunguka kwenye kidole chake.

"Mzee, tunachelewa. Kule juu ukungu ukianguka hatutaona hata pua ya gari."

"Naona mawingu, mwanangu."

"Unaona mawingu, lakini bado unakunja mikono ya shati pole pole!"

"Christophe," mama yake akasema.

Twahiru aliuvuka mstari. Aliipandisha rejeta mpya mahali pake, juu ya vyuma alivyovikata na kuvitoboa mwenyewe jana, na kati ya chuma na rejeta akaweka vipande vya mpira wa tairi kuukuu, ili mtikisiko wa barabara usije ukaipasua. Ilikaa. Alivuta vitambaa kimoja kimoja kwa mikia yake, akavirusha kwenye ndoo. Mpira wa kwanza akaufunga. Alifunga spana kwa kamba kushika shingo ya rejeta, kwa kuwa ilikuwa alumini, laini kama sabuni, na mtu akizungusha nati bila kuishika shingo huikunja na kuivunja. Spana ya pili akaizungusha taratibu. Akainyanyua mipira mingine. Ule mrefu wa kurudisha oili ulipokuwa mkononi aliutazama mdomoni: hapakuwa na mkia, basi kitambaa kilikwisha kutoka. Akaufunga.

Vumbi, honi za pikipiki, na Christophe-Aimé akitembea huku na huku nje ya chokaa kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Twahiru alirudisha taa. Alirudisha bampa. Alimimina oili mpya, ya rangi ya asali, akafuta kifuniko.

"Sasa ingia," alisema. "Lakini usiwashe. Nimechomoa waya za koili, moto hautafika. Utazungusha stata tu, tuone mshale wa oili unapanda. Ukipanda, ndipo narudisha moto."

"Oui, oui. Najua."

"Usijue. Ngoja mkono wangu."

Christophe-Aimé aliketi mahali alipoketi baba yake. Joséphine alisimama kwenye chokaa, shela limekumbatiwa kifuani. Twahiru aliinua mkono wake juu, na hapo Mukeshimana akaingia tena na lile birika bovu, lenye chai ya wasafiri.

Safari hii hakupuliza vidole. Alilishika birika kwa kishikio kilichosukwa kwa nguo, mistari mitatu imekazwa kama nywele za msichana wa shule. Katika msuko wa juu, jicho jeupe la mviringo lilimtazama Twahiru. Jicho la samaki.

"Ondoa mkono kwenye ufunguo!"

Sauti ilimtoka kwa nguvu hata wapita njia wakasimama. Christophe-Aimé alirusha mikono juu kama mtu aliyeshikwa na askari.

"Hicho kimetoka wapi?" Twahiru aliuliza.

Mukeshimana aliangalia mkononi mwake. "Amenisukia Maman Sandrine. Ulipokuwa umeenda kusali."

"Kile kimukia kilikuwa kinaburuta mu oili," Joséphine akaeleza kwa furaha, "kinazoa vumbi lote. Nikasema, ntakikata, nikifue pale bombani, kisiende bure. Dada anaungua kila siku, na bitambaa biko hapa bimejaa."

Akacheka. Kisha akaona uso wa fundi, kicheko kikamwishia mdomoni.

Twahiru alihisi damu ikimpanda masikioni. Aliyaona yote kama yanatendeka mbele yake: mkasi wa mshonaji, mkia ukikatwa sambamba na mdomo wa mpira, nadhifu, bila uzi kubaki, kisha yeye mwenyewe akiunyanyua mpira, na kitambaa kikiteleza ndani, gizani, kisionekane. Angezungusha stata, pampu ingekisukuma mpaka kwenye kona nyembamba, kikaziba. Rota zingezunguka kavu. Mtu asingemaliza hata kusema Bismillahi.

Maneno yalikuwa tayari. Alikuwa nayo mengi, ya watu wote waliowahi kuvuka mstari ule, na makali yake aliyajua. Aliwahi kumwambia Mukeshimana maneno hayo, katika mwaka wao wa kwanza hapa, kwa sababu ya punje za mchanga kwenye kiatu. Hakumpiga wala hakumtukana. Alisema tu, mbele ya wateja, na tangu siku ile kigoda kilikuwa hatua moja nje ya chokaa.

Alifungua kinywa. Macho yake yakaangukia vidole vya mkewe vilivyoshika birika. Ncha zake zilikuwa zimebadilika rangi, ngozi ngumu na yenye kung'aa, kama ngozi ya mtu afuaye chuma. Hiyo haikuwa kazi ya wiki moja. Birika lilivunjika mpini lini? Alijaribu kukumbuka, hakuweza. Yeye ambaye husikia nati iliyolegea gari likiwa bado kona ya soko. Na mwanamke huyu wa Bukavu, aliyeketi hapa tangu asubuhi tu na shida zake mwenyewe mapajani, ameona.

Akafunga kinywa.

"Nimekosea kitu," alisema. "Nafungua tena."

Christophe-Aimé alitoka garini. "Unafungua nini? Mzee! Unafungua nini tena?"

"Mpira mmoja."

"Tangu asubuhi! Tangu asubuhi bantu banatungoja Huye, dada yangu anapiga simu kila dakika, na weye unatuambia umekosea? Fundi gani huyu? Papa alikuwa anakusifu bure!"

"Christophe-Aimé!" Joséphine alifoka.

"Mwache, Maman," Twahiru alisema. "Ana haki ya kuuliza."

Alipiga magoti. Bampa likatoka tena, taa zikarudi kwenye gunia. Oili ya rangi ya asali ilichirizika kwenye beseni. Alipoufungua mpira mrefu, aliutia kidole: hakukuta kitu. Alijaribu koleo jembamba: halikufika. Akaupuliza kwa mdomo, pumzi ikamrudia, nzito na ya moto. Kitambaa kilikuwemo. Kilikuwa kimekaa ndani ya kona ya kiungo cha chuma, na kila alichokisukuma kukitafuta kilizidi kukipeleka mbele.

Kule juu, ng'ambo ya vilima vya mashamba ya chai, mlima wa kwanza ulikuwa umefutika katika wingu.

Jasho lilimwingia jichoni. Alitazama meza yake ya vifaa, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na hakuona kitu kilicho chembamba, kirefu, na chenye ndoano.

Kisha akakiona.

"Maman Sandrine," alisema, "nikopeshe kroshe yako."

Joséphine hakuuliza. Uzi mweupe ulikuwa bado umeshikana na ndoano, ukingo wa shela haujafika mwisho. Aliuvuta uzi ukatoka, akamnyoshea kile kichuma, juu ya mstari wa chokaa, kikiwa safi kama kijiko cha mtoto.

Twahiru alikiingiza kwa subira. Alifumba macho, akasikiliza kwa vidole. Kikagusa laini. Akakizungusha, akavuta kidogo, kikaachia. Akaanza upya. Safari ya tatu kitu kilimfuata, kidogo kidogo, kama samaki asiyetaka kuacha maji, na hatimaye kikatoka: kipande kilicholowa, cheusi kwa oili, buluu yake ikionekana kwa shida. Upande mmoja ulikuwa umekatwa kwa mkasi, mstari ulionyooka.

Joséphine alikitazama kile kipande, kisha kishikio kilichokuwa kwenye birika, kisha tena kile kipande. Alikuwa mshonaji. Alijua mkato wake.

"Ni mimi," alisema. Sauti ilikuwa ya chini sana. "Yesu wangu. Ni mimi nilitaka kuliua gari la Mulume."

Christophe-Aimé aligeuka kumtazama mama yake, halafu fundi, na uso wake ukaanza kulegea, sehemu kwa sehemu.

Twahiru alikunja kitambaa, akakitia mfukoni. Kamba ya kufungia spana ilikuwa pale pale sakafuni. Aliiangalia, kisha akaisogeza kwa mguu.

"Maman, mikono yako haitetemeki," alisema. "Njoo unishikie hapa."

"Nivuke?"

"Vuka."

Joséphine aliuvuka mstari kwa hatua ndefu, kama anayeruka mfereji. Twahiru alimwekea spana kwenye shingo ya rejeta, akafunga vidole vyake juu ya vidole vya mshonaji.

"Usisukume wala usivute. Iambie tu isimame. Mimi nikizungusha, wewe ikatalie."

"Nimeshika binti watatu wakisukwa nywele," Joséphine akasema, machozi yakimtiririka kando ya pua. "Nitaishika hii."

Nati ilikaza. Shingo haikutikisika. Christophe-Aimé, bila kuambiwa, alikuwa amevua koti la suti na kulitundika kwenye msumari. Alisimama nje ya chokaa na taa mbili mikononi, akizishika kama mayai, akingoja kuombwa.

"Zilete," Twahiru alisema.

Walirudisha taa. Walirudisha bampa. Walimimina oili. Twahiru aliinua mkono, na mara hii, kabla hajaushusha, alimtazama kila mmoja wao.

Stata ilizunguka. Mshale wa oili ulikaa chini, umelala. Stata ikazunguka. Mshale umelala. Joséphine alikuwa ameshika bega la Mukeshimana bila kujua. Stata ikazunguka, ikilalamika, na Twahiru alihesabu mapigo ya moyo wake mwenyewe, na mshale ukashtuka. Ukapanda unene wa kucha. Ukapanda tena, ukasimama.

"Nirudishe moto?" Twahiru aliuliza.

"Rudisha, Mzee," Christophe-Aimé akasema. "Nakuomba."

Injini ilivuma. Ilivuma kama zamani, na mwenye duka la ng'ambo ya barabara, ambaye alimjua Mulume, alitoka mlangoni akavua kofia.

Waliondoka haraka, Joséphine akiwa na shela mapajani, dirisha wazi. Alitoa mkono nje akataka kusema jambo, mdomo ukafunguka, lakini gari lilikuwa limekwisha kuingia barabarani. Twahiru alisimama kwenye kifusi cha barabara akiusikiliza mvumo ukipanda, ukizunguka kilima, ukipotea, ukirudi, ukipotea. Upande wa Nyungwe hapakuonekana mlima tena.

Alirudi ndani. Mukeshimana alikuwa akikusanya vikombe, hatua moja nje ya chokaa.

"Nipe hilo birika," Twahiru alisema.

"Lina chai."

"Mimina. Nipe."

Miongoni mwa vyuma vilivyobaki kwenye kazi ya rejeta kulikuwa na kipande kirefu cha kutosha. Alikipinda kwenye jiriwa, akakitoboa ncha zote mbili, akakivisha mpira wa tairi pale pa kushikia. Mukeshimana alitazama kwa mbali. Twahiru alijaribu kufunga nati ya kwanza peke yake. Birika likazunguka pamoja na spana, likamponyoka.

"Linataka mtu wa pili," alisema, bila kuinua kichwa.

Kisha akaona vidole vya mkewe, zile ncha zenye kung'aa, vikishika birika ubavuni. Viatu vyake vilikuwa na vumbi jekundu la barabara, na nyuma yake, kutoka kwenye chokaa hadi mezani, nyayo zilikuwa zimejipanga wazi. Twahiru aliziona. Akatafuta spana.

Mvua ilianza kudondoka juu ya mabati. Walikuwa kwenye nati ya pili simu ilipolia mezani.

"Pokea," alisema.

"Mikono yangu imeshika."

Ikaendelea kulia. Twahiru alinyosha kidole chenye oili, akaibonyeza, akaiacha pale pale. Katika simu ulisikika upepo, na mvua nyingine, nzito kuliko ya huku. Na chini yake, mbali, kitu kikivuma bila kukatika, kikipanda.

"Unasikia, Papa Twahiru?" sauti ya Joséphine iliuliza.

Spana ilikuwa imesimama hewani. Aliinamisha sikio karibu na meza, macho amefumba, akitafuta katika mvumo ule kitu chochote kilicho kavu.

"Usiachie," alimnong'oneza mkewe.

"Sijaachia," Mukeshimana akasema.